Rangi ya Plagi Mlimani Nyamaza

Mimi ni mwoga. Naliweka hilo mbele mapema, kwa sababu wanaonijua kama mwalimu wa injini, mama mtu mzima anayewafokea vijana wa ufundi wakiacha spana sakafuni, hudhani hakuna kinachonitisha. Sefu aliponipigia simu alfajiri kuniambia kwamba mama yake, Bi Zuhura, amefariki Biharamulo na atazikwa baada ya adhuhuri, kilichonipata kwanza hakikuwa kilio. Ilikuwa hofu ya njia. Naishi Ngara, na kutoka Ngara kwenda Biharamulo lazima nipite Nyamaza, ule mlima wa katikati ya pori ambao siku hizi una lami na mistari myeupe. Ukitoka upande wangu unateremka tu, injini haina kazi yoyote ya maana. Tena gari langu dogo ni la kisasa. Kwenye bomba la eksozi kuna kifaa kinachonusa moshi na kuiambia injini iongeze petroli au iipunguze, kabla hata sijapepesa jicho. Nakifundisha kifaa hicho kila muhula, najua kinavyofanya kazi, najua hakilali. Hata hivyo nilipofika Nyamaza nilizima redio, nikateremsha kioo, nikasikiliza injini huku usukani ukiteleza kwa jasho la viganja vyangu. Kijana wa bodaboda akanipita akiimba, nami nikamwonea wivu kwelikweli.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimetoka Keza na begi moja, nikapokewa Biharamulo mjini na Mzee Mbaraka na mkewe Bi Zuhura. Wao walikuwa Waislamu wa mjini, ambao babu zao walifuata biashara kutoka pwani wakaishia huku. Mimi Mkatoliki wa shambani, niliyekuwa bado naota ndoto zangu kwa Kihangaza. Nilikwenda kumsaidia Bi Zuhura jikoni. Chumba nilichopewa kilipakana na jiko upande mmoja na gereji ya Mzee upande wa pili, kwa hiyo blanketi langu lilinuka vitunguu miguuni na petroli kichwani. Chumba cha katikati kilikuwa kimefungwa. Kilikuwa cha Hamadi, mtoto wao wa kwanza, aliyekufa mwaka uliotangulia. Viatu vyake vya kazi vilikuwa bado mlangoni, na kila Ijumaa Bi Zuhura alivifuta vumbi akavirudisha vikitazama nje, kana kwamba mwenyewe angevihitaji kwa haraka. Nilipita mbele ya viatu vile mara nyingi kwa siku na sikuvizoea hata kidogo.

Hamadi alifia Nyamaza. Miaka ile pori lilikuwa na watekaji, na madereva wa Biharamulo waliokwenda Ngara walikuwa wameweka utaratibu wao wenyewe: magari yanaondoka pamoja, yanafuatana karibu, na gari likizimika njiani halisubiriwi. Lilikuwa jambo baya na kila mtu alijua ni baya, lakini walilikubali, kwa kuwa msafara mzima ukisimama unatekwa mzima. Mlima wenyewe uliitwa Nyamaza kwa sababu gari likianza kuupanda abiria wote waliacha kuongea. Hakuna aliyewaamuru. Mtu alikata neno katikati, mama alimpa mtoto ziwa hata kama hakulia, ikabaki sauti ya injini peke yake, na kila aliyekuwamo, hata asiyejua tofauti ya plagi na pulizo, aliisikiliza kama daktari. Siku hiyo injini ya Hamadi ilikata. Wenzake wakapita. Waliporudi na watu kesho yake walimkuta amelala kando ya gurudumu. Gari lilivutwa mpaka nyumbani, Mzee Mbaraka akalifungua kwa mikono yake, akakuta pistoni imetoboka na plagi zote ni nyeupe kama chokaa.

Hapo lazima nieleze, kwa sababu habari yote imelala hapo. Plagi ni kile kidude kinachotoa cheche ndani ya silinda ili petroli iliyochanganyika na hewa ilipuke. Ncha yake inakaa ndani ya moto, na moto huiachia rangi. Mzee hakuwa na chombo cha kupimia mchanganyiko. Rangi ile ndiyo ilikuwa mizani yake. Petroli ikiwa kidogo na hewa ikazidi, moto unakuwa mkali mno, ncha inakuwa nyeupe, na usipowahi pistoni inatoboka. Petroli ikizidi, ncha inavaa masizi, cheche inadhoofika, gari linakohoa. Katikati kuna kahawia moja tu. Siku hizi nawaambia wanafunzi kwamba kahawia ile ipo karibu na pale ambapo hewa ina uzito wa petroli mara kumi na nne na kitu, nao wanaandika. Mimi nilifundishwa kwa maandazi. Asubuhi Bi Zuhura alipokuwa akiepua, Mzee aliingia jikoni na plagi mkononi, akaishika juu ya sinia.

“Koleta mwanangu, hili je?”

“Halijaiva, Mzee.”

“Na hili?”

“Limeungua.”

“Ondoa chuma chako kwenye riziki za watu!” Bi Zuhura akamkemea, huku akigeuza maandazi bila kumtazama. Tangu mazishi ya Hamadi alikuwa hamtazami mumewe sana.

Nilitoka jikoni nikaingia gereji kwa sababu ya mikono ya Mzee. Ilikuwa imeanza kutetemeka tangu mwaka uliotangulia, na plagi ukiiingiza kombo unaharibu nyuzi za kichwa cha injini, hasara isiyo na dawa. Sefu, mdogo wake Hamadi, alikuwa ndiye dereva sasa. Kijana mrefu, mcheshi, asiye na subira ya kukaa chini ya boneti. Basi mikono ikawa yangu. Nilizoea kuzitoa plagi nne za Landrova yao na kuzirudisha bila kuziangalia, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Landrova hiyo waliiita Shangazi, kwa sababu ililalamika safari nzima na bado ilifika. Ilikuwa ni ile ile. Sefu alikuwa akiiendesha kwenda Ngara na chumvi, sabuni na abiria, na kurudi na maharage na ndizi, akiketi kwenye kiti alichokalia kaka yake, akipanda mlima ule ule.

Kila alipoondoka, nyumba ile ilishikwa na homa. Mzee alianza kazi hii akaiacha akaanza ile. Bi Zuhura alipika chakula kingi kupita watu tuliokuwapo. Nami, ambaye sikuwa ndugu yao, nilijikuta nimesimama getini jioni na ndoo tupu mkononi nikisikiliza barabara. Sauti ya Shangazi ilipotokea tulijifanya kila mmoja ana shughuli yake. Sefu aliingia anacheka, akadai chai, na mama yake akamwambia aache kelele, akienda kulia nyuma ya jiko. Nililia naye mara moja, tukiwa tumepeana mgongo.

Siku moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa uani nasugua sufuria, na wao wawili walikuwa sebuleni. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia Bi Zuhura akisema, taratibu kabisa, na utaratibu ule ndio ulionitisha: “Ulimbana mwanangu. Petroli ilikuwa haba, ukaibana, ukasema itatosha. Mimi niliichana kanga yangu ya kuvaa nikampa achujie mafuta, uchafu usiingie. Mimi nilimpa kanga. Wewe ukambana.”

Kikombe cha Mzee kikagonga sahani.

“Na sasa umefungulia kama bomba la mvua. Sefu anapita hapa moshi mweusi mpaka kwa jirani. Mmoja umemuua kwa kubana, wa pili utamuua kwa kumwaga.”

Nikaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata. Kanga yenyewe niliijua, niliifua kila wiki: nyekundu, yenye korosho nyeusi, na pembeni ilikuwa imechanwa ukanda mrefu. Petroli ya huku ilikuja kwenye mapipa na madumu, imejaa kutu na maji na wakati mwingine mchanga, kwa hiyo kila mwenye gari aliweka kitambaa kwenye mdomo wa tangi akamiminia juu yake. Bi Zuhura alikuwa akilisimulia jambo la ule ukanda kwa fahari jikoni: jinsi Hamadi alivyokuwa hajazi tangi mpaka achuje kwa kanga ya mama yake, na jinsi alivyokuwa akiukunja ukanda ule vizuri akauweka chini ya kiti. Baada ya kifo hawakuuona tena ule ukanda, na hakuna aliyeutafuta.

Ilikuwa kweli kwamba Mzee alikuwa amefungulia. Ile jeti, kijitundu cha shaba ambacho petroli hupitia kwenye kabureta ikachanganyike na hewa, aliitoa akaweka kubwa zaidi, kisha akaongeza kwenye skrubu. Niliona alivyofanya: mkono ulikuwa ukigeuza skrubu kama vile anamfunika mtoto blanketi. Lakini karibu na mwisho wa kiangazi Sefu alirudi hacheki. “Ina kwikwi, Baba. Pale pale. Ikifika katikati ya Nyamaza inakata, inashika, inakata.” Tukatoa plagi. Nyeusi, zote nne, masizi matupu. Kwa darasa langu la maandazi jibu lilikuwa wazi, petroli imezidi, ipunguzwe. Mkono wa Mzee ukaenda mpaka kwenye skrubu, ukarudi. Ukaenda tena, ukarudi. Akipunguza anakumbuka pistoni ya Hamadi. Akiacha hivyo anamkumbuka Sefu. Akakaa juu ya tairi kuukuu akajifuta uso kwa kofia.

“Hizi ni rangi za hapa,” akasema baadaye. “Ameshuka mlima, akapita mjini polepole, akasimama getini anapiga honi. Plagi inakumbuka la mwisho tu. Ukitaka kujua Nyamaza kuna nini, uizime Nyamaza.”

“Kuizimaje?” nikauliza.

“Gari lina mzigo. Unakanyaga mpaka mwisho, katikati ya mlima. Halafu klachi na swichi kwa pamoja, usiiache ihemee hata kidogo. Inasimama pale pale. Unatoa plagi zikiwa na moto wake, unasoma. Njia nyingine haipo. Nimeijua tangu ujana wangu.” Akavaa kofia yake. “Ningeifanya kwa Hamadi.”

Sefu alikuwa anatazama chini. Kuizima kwa makusudi, mahali ambapo Shangazi ilikwisha zimika ikamwacha mtu chini, msafara ukipita na kutuacha kama ulivyokubaliana! Nilingoja mmoja wao acheke. Aliyesema alikuwa Bi Zuhura, amesimama mlangoni na mwiko mkononi, sijui tangu lini.

“Kama mnaizima, mnaizima na mimi nimo.”

“Mama, wewe utafanya nini kule?”

“Nitakaa. Yule wa kwanza alikuwa peke yake.”

Tulikwenda bila abiria, mzigo ni magunia ya chumvi. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, nimefunga spana ya plagi kiunoni na tambara kwa ajili ya moto. Kwa nini nilikubali? Nimejiuliza mara nyingi. Sikuwa shujaa, nadhani nilikubali kwa sababu nilimwogopa Bi Zuhura kuliko watekaji. Mbele alikaa Sefu kwenye usukani, mama yake katikati, Mzee dirishani. Tulikuwa wa mwisho kwenye msafara ili tusimzibie mtu. Tulipita Nyantakara, watu wakiwa mashambani na moshi wa majikoni ukipanda, nikawaonea wivu wa ajabu wale watu waliokuwa wanalima tu. Halafu pori. Halafu barabara ikainua pua.

Hakuna aliyekuwa akiongea, lakini bado nilisikia tuliponyamaza. Sijui niielezeje vingine. Lori lililokuwa mbele yetu likazidi kusogea mbali. Shangazi ikaanza kwikwi, nikaona kichwa cha Sefu kikitikisika, na kupitia kidirisha cha nyuma nikauona mkono wa Mzee umeshika bega la mwanawe, haukutetemeka. Akapiga bega mara moja. Injini ikakata.

Kwa muda sikusikia kitu. Kisha nikasikia chuma kikipoa, tiki, tiki, na mbali juu lori la mwisho likibadilisha gia na kupotelea ng’ambo ya mlima. Baada ya hapo nikayasikia majani. Kila jani lilikuwa na mtu nyuma yake. Nilitaka kubaki juu ya chumvi ile mpaka nife, lakini miguu ikashuka, boneti ikafunguliwa, nami nikaanza. Plagi ya kwanza iliniunguza kupitia tambara. Nikaigeuza niione ncha.

Nilikuwa nimejiandaa kuona nyeusi. Ilikuwa nyeupe.

Nikatoa ya pili, ya tatu, ya nne. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Mzee aliziangalia kwenye kiganja changu na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Jeti kubwa, skrubu imefunguliwa, moshi mweusi nyumbani mpaka majirani wanalalamika, na hapa mlimani injini ilikuwa inakufa kwa kiu. Tungepanda kidogo zaidi tungetoboa pistoni kama ile ya kwanza.

“Haifiki,” Mzee akasema. “Petroli haifiki. Sefu, fungua bomba kwenye pampu.” Sefu akafungua. Ilidondoka kidogo kidogo, kama jicho linalouma. Basi si kabureta. Tatizo lilikuwa nyuma ya kabureta, na Mzee akageuka akatazama kiti. Tangi la Shangazi lilikuwa chini ya kiti cha mbele, na Bi Zuhura alikuwa amelikalia.

“Mama Hamadi, shuka kidogo.”

Akashuka. Akasimama pembeni ya barabara, ametupa mgongo, tasbihi ikizunguka vidoleni, akilitazama pori kama mtu anayelisubiri lithubutu. Na hapo ndipo tuliposikia vishindo. Mtu akatokea kwenye kona akishuka na baiskeli aliyoibebesha mikungu ya ndizi, akabana breki kwa miguu, akatukodolea macho. Alinisalimu kwa Kihangaza, nami ulimi haukuinuka.

“Gari rimekufa?” akauliza kwa Kiswahili.

“Tumelizima,” Sefu akamjibu kutoka chini ya boneti.

“Mmerizima wenyewe? Hapa?” Akatutazama mmoja mmoja, akiwatafuta wazima miongoni mwetu. “Hapa hapazimwi, jamani. Mimi sijawaona.” Akaiachia breki akaporomoka na ndizi zake, asigeuke nyuma.

Mzee alikuwa ameinua kiti na kufungua mfuniko wa tangi. Alikuwa na waya wenye ndoana mwishoni, akauzamisha na kuuzungusha upande wa bomba. Mimi nilikuwa karibu naye nimeshika plagi kwenye tambara. Waya ukashika kitu, akavuta, akatoa. Kikatoka kikichuruzika petroli, kirefu, kimefifia, lakini kabla hakijatoka chote nilikwisha kiona: nyekundu, korosho nyeusi.

Kanga ile ya kuchujia ilikuwa imetumbukia zamani, Hamadi akijaza tangi. Kwenye tambarare ilielea kando bila madhara. Gari likiinua pua ilisogea na petroli mpaka mdomoni mwa bomba ikanyonywa pale, na kadiri injini ilivyotaka zaidi ndivyo ilivyojikaza. Nilielewa yote kwa mara moja, na nikaona kwamba Mzee naye ameelewa. Kwa mwaka mzima alikuwa amebeba kifo cha mwanawe kwenye skrubu ya kabureta. Sasa kilikuwa mkononi mwake, na hakikuwa chake. Angeweza kukiinua tu. Mkewe alikuwa hatua chache kutoka pale, na neno lake la “ulimbana” lilikuwa bado masikioni mwa nyumba nzima.

Alikikamua haraka, akakikunja kikawa kidogo, akakisukumiza ndani ya mfuko wa suruali. Petroli ikamlowesha mpaka gotini. Akanitazama mara moja. Sijatazamwa vile tena maishani.

“Kuna nini?” Bi Zuhura akauliza, bila kugeuka.

“Majani,” akasema Mzee. “Majani na kutu.”

Nilirudisha plagi nne kwa vidole vilivyoungua, zikaingia zote bila kombo. Shangazi ikawaka. Ikapanda Nyamaza bila kwikwi hata moja, na tulipofika juu Sefu akapiga honi ndefu kama bwana harusi, mama yake akampiga kibao cha mgongo. Mzee alikuwa amefumba macho. Nyuma ya kidirisha mimi nilitapika juu ya chumvi ya watu.

Baada ya hapo Mzee alirudisha ile jeti ndogo, akapunguza skrubu, na plagi za Shangazi zikawa rangi ya andazi lililoiva, nyumbani na mlimani. Maneno ya kubana na kumwaga sikuyasikia tena dirishani. Nilidhani ni kwa sababu gari lilikuwa zima. Chai ya nyumba ile ikaanza kuwa na majani ndani, tukawa tunayatema pembeni, na nilidhani ni uchovu wa mwenye jiko. Mwisho wa mwaka nikapata nafasi ya kusomea ufundi nikaondoka. Mzee alikufa miaka mingi baadaye, Nyamaza ikiwa na lami, naye hajasema kitu. Bi Zuhura nilikuwa nikimtembelea, nikimpelekea maharage ya Keza, na kila mara nilikaa naye kwa woga. Niliogopa siku moja ataniuliza: Koleta, mzee wangu aliweka nini mfukoni? Ningemjibu nini? Hakuniuliza. Tuliongelea magoti yake na bei ya sukari.

Siku ya mazishi, wanaume waliporudi makaburini, Sefu alikuja kukaa na mimi uani, mzee mwenyewe sasa, ndevu nyeupe. Watu walikuwa wanapewa chai. Niliamkia bibi mmoja wa jirani, shikamoo, marahaba, nikapokea kikombe, nikaona majani yakizunguka juu, nikatabasamu bila kutaka.

“Unakumbuka chai ya mwaka ule?” Sefu akaniuliza, naye akichungulia kikombe chake. “Mama hakununua tena chujio, mpaka jana. Lile lake alimpa Baba.”

“Chujio la chai? La nini?”

“La petroli! Wewe ulikwenda kulala na vidole vyako. Tumeingia tu kutoka Nyamaza, Baba hata viatu hajavua, Mama akaingia jikoni akatoka na chujio. Akamwambia, ‘Msichujie tena kwa kitambaa.’ Basi. Tukawa tunatema majani, na petroli yetu inachujwa kama ya mfalme.” Akacheka, akafuta macho.

Mimi sikucheka. Nilikiweka kikombe chini. Nilikuwa nasikia pori, na tasbihi, na mgongo ule uliokataa kugeuka. Kule mlimani hakuna aliyetamka neno kitambaa. Na ile kanga nyekundu, sasa ndipo nilipokumbuka, sikuifua tena baada ya siku ile.

“Na Mzee alisema nini?” nikamuuliza.

“Baba? Hakusema kitu.” Sefu alitema jani pembeni. “Alilipokea kwa mikono miwili.”